Bangili kwenye Mkono wa Mtani

Nakutegea wewe uliyekaa hapo mbele yangu, usigeuke nyuma kutafuta mwingine. Nimeshinda vita, na vitani sikwenda. Nimechezewa ngoma, na mwilini sina hata mkwaruzo. Nani mimi?

Fikiri kwanza. Usinikodolee macho, jibu halijaandikwa usoni kwangu.

Umeshindwa? Basi nipe mji, maana asiyejua hutoa mji, ndivyo tulivyocheza tangu utotoni. Au acha, nitajichukulia mwenyewe, wewe unaweza kunipa kimji cha vumbi kisicho hata na kisima. Naichukua Tunduma. Nimekwenda Tunduma, nimeketi kizingitini kwangu mimi Nakamba, nikakuta barabara nzima inacheza kwa furaha ya mechi ambayo haikuchezwa. Nikakasirika. Na hivi ninavyokusimulia, bado nimekasirika.

*

Ilikuwa Siku ya Kufuzu. Malori yalikuwa yamepanga foleni kama kawaida yake kuelekea mpakani, na ndani yake hamna mtu. Zamani lori lilikuwa na dereva na utingo, na dereva ana tumbo, na tumbo linataka ugali na maharage, kwa hiyo mji mzima ulikula kwa matumbo ya madereva. Sasa malori yanajiendesha. Yanasimama tu pale yanakonyeza taa, hata salamu hayana. Siku ile watoto walikuwa wameparamia juu yake ili waione vizuri ile skrini kubwa iliyofungwa kwenye ukuta wa ghala la mahindi.

Sauti ya Mizani ikaanza kusoma. Ni sauti ya mwanamke, laini, kama anakubembeleza ulale. Inataja kundi, inataja nchi, halafu inanyamaza makusudi ili mioyo ya watu iruke. Kundi letu likaachwa la mwisho. Ikasema Tanzania imefuzu kwenda Kombe la Bara la Wanawake. Ikasema Zambia haikufuzu. Ikatutakia siku njema.

Mji ukalipuka. Wanawake vigelegele, pikipiki honi, mtu mzima na heshima zake nikamwona anagaragara kwenye mchanga. Na hapo ng'ambo, Nakonde, ambako ukitupa jiwe linafika, watu wakaangua kilio. Nilisikia kilio chao kikiingiliana na vigelegele vyetu. Wamefungwa na nani? Goli limeingia upande gani? Hakuna aliyefungwa. Mpira wenyewe ulikuwa kabatini.

“Bibi Nakamba!” majirani wakanipigia kelele. “Mtoe nahodha wetu tumbebe!”

Nahodha wao ni mjukuu wangu Tusekile, golikipa, mrefu kama mlango. Nikaingia ndani. Nikamkuta amelala kitandani na viatu vyake, uso ukutani.

“Mke mwenzangu,” nikamwambia, maana ndivyo ninavyomwita tangu anatambaa, “umeshinda huko. Toka wakuone.”

“Funga mlango, bibi.”

“Nifunge nini? Watu wanataka kukubeba.”

“Wambebe Mizani.”

Nikaketi ukingoni mwa kitanda. Siku hizo nyumba yetu ilikuwa bado inanuka msiba. Mama yake, mwanangu Atuganile, tulikuwa tumemzika majira ya mvua, na khanga zake zilikuwa bado kwenye kamba kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzianua.

“Niambie kitu kimoja,” nikasema. “Mngecheza na hao Wazambia, mpira miguuni, refa na filimbi yake, mngewafunga?”

“Mizani imesema asilimia hamsini na...”

“Sikuiuliza Mizani. Nakuuliza wewe unayedaka.”

Akavuta shuka mpaka kichwani, na swali langu likabaki linaning'inia pale chumbani kama popo.

*

Ngoja nikueleze hiyo Mizani ni kitu gani, maana nami nilielezwa mpaka nikaelewa.

Mchezaji akishachaguliwa timu ya taifa anavishwa bangili. Bangili nyeusi, nyepesi, hata kuoga unaoga nayo. Inasikiliza moyo unavyopiga, inahesabu usingizi, inaonja jasho, inajua mguu gani unauma hata kabla mwenyewe hujachechemea. Yote hayo yanapelekwa kwa Mizani. Basi Mizani inazichukua timu mbili, inazichezesha humo ndani mwake mara elfu, na mara elfu nyingine, kabla chai yako haijapoa. Inayoshinda mara nyingi ndiyo imefuzu. Kombe lenyewe bado linachezwa kwa miguu, sitasema uongo. Lakini njia ya kufika kwenye Kombe haina miguu tena.

Ilianza kwa sababu nzuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Watu walikufa. Kwenye mechi moja ya kufuzu geti lilifungwa huku umati unasukuma, wakakanyagana. Tena timu zilikuwa zinakosa nauli ya ndege, mabinti wanalala viwanja vya ndege juu ya mabegi yao. Ndipo wakaja wataalamu wakasema, jamani, ya nini mateso haya, matokeo tunaweza kuyajua tukiwa tumekaa. Mwanzoni walitabiri, halafu mechi ikachezwa, na utabiri ukawa kweli. Wakatabiri tena, ikawa kweli tena. Baada ya hapo wakaacha kucheza.

Sasa wanasema Mizani haijawahi kukosea. Itakosea vipi, kama hakuna anayeruhusiwa kuingia uwanjani akaisuta?

*

Kabla kelele za barabarani hazijapoa, akaingia Nambela na baiskeli yake mpaka sebuleni. Huyu Nambela Sichone ni wa Nakonde, anavusha mizigo mpakani kwa baiskeli. Ana mapaja kama vinu. Ukoo wao na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo hagongi hodi, anatukana.

“We kikongwe, bado tu hujafa?” akaniambia. “Jeneza lako nimeshalipanga kwenye baiskeli.”

“Litoe tairi lako kwenye mkeka wangu, mlamba majungu wewe.”

Kwa kawaida hapo angecheka. Safari hii hakucheka. Akaenda moja kwa moja mpaka mlango wa chumba cha Tusekile akaupiga teke.

“Toka! Toka, mwizi mkubwa! Umewaambia? Umewaambia moyo uliowafuzisha ni wa nani?”

Mlango ukafunguliwa. Tusekile akasimama pale, macho yamevimba. “Punguza sauti, Nambela.”

“Nipunguze? Nchi yangu nzima inalia kwa sababu yangu mimi, halafu nipunguze sauti?”

Nikasema, “Nyinyi wawili, kaeni chini, mnieleze kama mnamweleza mtu.”

Wakanieleza, na lile jambo nililiona kwa macho yangu mwenyewe, ila sikujua lina uzito gani.

Siku ya msiba wa Atuganile, watani walikuja kama inavyotakiwa. Mtani kazi yake msibani ni kuvuruga huzuni. Analala mahali pa marehemu, anaigiza alivyokuwa akitembea, anapora vitu vya wafiwa, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika wala kunyang'anya. Atakikomboa kitu chake matanga yakianuliwa, kwa kuku au kwa pombe. Mmoja alichukua sufuria yangu. Mwingine alichukua kiatu kimoja cha mume wa marehemu, kimoja tu, mzee wa watu akazika mkewe anaruka kama kunguru, na tulicheka huku machozi yanatutoka. Nambela alimvua Tusekile bangili. Akaivaa yeye, akazunguka uani akidunda, “Mimi ndiye golikipa wa Tanzania! Nafungwa mpaka na mbuzi!” Watu wakafa kwa kicheko. Hata Tusekile alicheka, na tangu mama yake afariki alikuwa hajafungua kinywa.

Basi bangili ikakaa kwenye mkono wa Nambela matanga yote, siku zilezile ambazo Mizani ilikuwa inapima. Ikapanda naye milima na magunia. Ikalala naye usingizi wake wa mtu asiyefiwa. Na Mizani huko iliko ikafurahi, ikaandika kwamba golikipa wa Tanzania ana moyo wa punda.

“Ulijua?” nikamuuliza mjukuu wangu.

Akaegemea ukuta. “Siku ya kwanza sikujua, bibi. Nilikuwa sijijui hata mimi mwenyewe. Baadaye nikakumbuka. Nikasema nimwambie anirudishie. Halafu nikafikiri, nikiivaa mimi, itasikia nini? Silali. Sili. Moyo wangu unasimama kila nikisikia mtu anaita mama. Kuna mabinti wenzangu wanangoja. Mwanakombo ana goti bovu, huu ndio mwaka wake wa mwisho. Nimpe huzuni yangu imwangushe? Nikanyamaza.”

“Na hivyo ukaniangushia nchi yangu,” akasema Nambela.

“Wewe ndiye uliyeichukua!”

“Nilichukua ili ucheke! Sikuchukua ili nichezee Tanzania!”

Wakasimama wakitazamana kama majogoo. Na mimi, mtu mzima, hasira ikanipanda mpaka masikioni, lakini haikuwa ya hao watoto. Mtoto kafiwa na mama, na kuna chombo kimekaa mahali kinangoja kumkata alama kwa sababu amelia. Hebu niambie, ni nani aliyekituma?

*

Kesho yake mchana akaja mjumbe wa Baraza la Mizani, Bwana Kidifu. Kila nahodha wa timu iliyofuzu anaapishwa mbele ya watu wa kwao. Anaulizwa swali moja: moyo uliopimwa ni wako? Anajibu ndiyo, watu wanapiga makofi, basi. Hakuna aliyewahi kujibu vingine.

Mjumbe alikuwa mtu mpole, shati jeupe, anasalimia vizuri. “Shikamoo, bibi.” Nikamwitikia marahaba, nikampa kiti na karanga. Tusekile akamwambia yote, palepale, kabla hajatafuna karanga ya pili. Nambela alikuwa kwenye mkeka, kimya kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Bwana Kidifu akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, “Tulijua.”

“Mlijua nini?” nikamuuliza.

“Mizani iliona. Moyo ulibadilika ghafla, siku moja, kama mtu aliyehama nyumba. Ikatuletea onyo.”

“Mkafanya nini?”

“Tukalizima.” Akaziweka karanga chini taratibu. “Bibi, nisikilize kabla hujanifukuza. Mkisema bangili moja ilivaliwa na mtu mwingine, kesho watu watauliza na zile nyingine zilivaliwa na nani. Kila nchi itadai mechi. Tutarudi kwenye mageti. Mimi nilimbeba mdogo wangu pale getini siku ile. Alikuwa amevaa jezi, kiatu kimemtoka. Nilimbeba mpaka hospitali nikiwa namwambia matokeo, kwa sababu alikuwa ananiuliza nani ameshinda. Sasa niambieni, mpira gani una thamani ya hilo?”

Nilimwonea huruma, sitakuficha. Lakini huruma na hasira zinaweza kukaa kwenye kifua kimoja, nacho kifua changu ni kipana.

“Pole sana, mwanangu,” nikamwambia. “Pole kutoka moyoni, na huu ni wangu, haujaazimwa. Lakini ndugu yako aliuawa na geti. Kwa nini msipanue geti? Mlikuwa na akili ya kutengeneza chombo kinachojua mbio za damu ya mtu aliyeko mbali, mkakosa akili ya kutengeneza mlango mpana?”

Mjumbe akamgeukia Tusekile. “Ukisema hapana, Tanzania inaondolewa, Zambia inaingia. Wenzako wote wanabaki nyumbani. Na hao walio nje watakutafuta wewe, hawatanitafuta mimi. Ukisema ndiyo, hakuna anayekufa.”

“Na mimi sitaki tuingizwe hivyo,” akasema Nambela kutoka mkekani. Mjumbe akamtazama kama kigoda kimeongea. “Sisi Wazambia. Kuingizwa kwa sababu fulani kaondolewa. Hiyo nayo ni kushinda? Nitajivunia nini, baiskeli yangu?”

Simu ya Tusekile ikalia. Ilikuwa Mwanakombo, kutoka Tanga, anapiga kelele za furaha mpaka sote tukamsikia. “Nahodha wangu! Nimeshapanga begi, goti nimelifunga bandeji mpya! Umeshaapa?” Tusekile akamwambia, “Bado, dada. Naenda sasa hivi.” Akakata simu.

Akaniangalia. Nikajua anataka nimwambie la kusema. Nikaokota kigoda changu nikatangulia nje. Mzigo ule ulikuwa wake, na mimi ningeushika ningekuwa sina tofauti na Mizani.

*

Uwanja wetu wa mpira una aibu yake. Tangu mechi za kufuzu zife, hata za mtaani zilikufa, watoto wakaona ya nini kukimbia kama unaweza kupimwa umekaa. Nyasi zinafika magotini. Kwenye magoli watu wanaanika magodoro. Jukwaa lilikuwa katikati, na umati umejaa mpaka kwenye malori, na wa Nakonde nao wamevuka kuja kutazama furaha ya wenzao, wamekunja mikono.

Mjumbe akashika kipaza sauti. “Tusekile Simbeye, nahodha wa Tanzania. Moyo uliopimwa ni wako?”

Watu walikuwa wameshainua mikono ya kupiga makofi.

“Hapana,” akasema Tusekile.

Mikono ikabaki hewani. Mwingine akapiga kofi moja kwa kukosea, likasikika peke yake.

“Ulikuwa wa mtani wangu Nambela, yule pale mwenye baiskeli. Aliivaa bangili yangu matanga yote ya mama. Mimi nilijua nikanyamaza. Mnanichezea ngoma, na mimi vita hivi sikwenda. Hakuna aliyekwenda.”

Hapo ndipo ulipozuka ule mzomeo. Chupa ikaruka. Mtu akapiga kelele, “Msaliti! Umenunuliwa na Wazambia!” Wazambia nao wakaanza kuruka na kukumbatiana, “Tumefuzu! Tumefuzu!” na wetu wakawageukia, na nikaona kifua kinasukuma kifua, kwa mechi isiyokuwapo. Nambela akapanda jukwaani na baiskeli yake, akamnyang'anya mjumbe kipaza sauti.

“Nyamazeni, mbwa nyinyi, wa huku na wa kule!” Sauti ya mtani ina ruhusa ambayo sauti nyingine haina. Wakanyamaza. “Mnaoruka, mnarukia nini? Mmemfunga nani? Mnaotukana, mmefungwa na nani?”

Bwana Kidifu alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Akamwambia Tusekile, na kipaza kikamdaka, “Kwa hiyo unachosema ni kwamba Zambia wangeshinda.”

Mji mzima ukamgeukia mjukuu wangu. Hata yale malori, nilidhani yamegeuka.

Nikasimama juu ya kigoda changu. “Bwana Kidifu, panga foleni! Mimi niliuliza kwanza, tangu jana, na huyu mke mwenzangu hajanijibu. Tusekile! Mngecheza, mngewafunga?”

Alisimama pale na mikono yake mirefu ya kipa, mitupu, bila bangili. Akawatazama wa kwetu, akawatazama wa Nakonde. Akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike mama yake nikaona macho yake yanataka kitu.

“Sijui, bibi.”

Neno hilo lilikuwa halijasikika hadharani kwa muda mrefu, nadhani wengine walikuwa wamelisahau.

“Asiyejua hufanya nini?” nikamuuliza. “Nipe mji!”

Akacheka. Akafuta uso kwa kiganja, akashika kipaza sauti kwa mikono yote miwili.

“Chukua Tunduma, bibi. Na Nakonde waje wote. Ila waambie watu wako watoe magodoro golini.”